Njia ya akiba haishiki linki ikikatika, na OSPF imekwama EXSTART: ruta tatu za pembetatu

linki_tatu

Habari zenu wakuu. Nina ruta tatu za Cisco, IOS 15, zimefungwa pembetatu. Mpangilio:

- R1 (makao makuu): LAN 192.168.10.0/24 kwenye Gi0/0, intaneti kwenye Gi0/3 kupitia 203.0.113.1
- R2 (tawi): LAN 192.168.20.0/24
- R3 (tawi): LAN 192.168.30.0/24
- R1–R2: 10.0.12.0/30, Gi0/1 pande zote. Ni faiba yenye vibadilishi vya faiba kwenda waya wa shaba kila upande
- R1–R3: 10.0.13.0/30, Gi0/2 pande zote, linki ya kukodi
- R2–R3: 10.0.23.0/30, R2 Gi0/2 na R3 Gi0/1, redio

Namba ndogo ya ruta ndiyo yenye .1 kwenye kila linki. Njia tuli (zilizoandikwa kwa mkono) za R1 ni hizi; 200 mwishoni ni umbali, na kwa kuwa umbali mdogo ndio unaopendelewa (usipotajwa ni 1), hizo ni za akiba:

```
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1
ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 10.0.12.2
ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 10.0.13.2 200
ip route 192.168.30.0 255.255.255.0 10.0.13.2
ip route 192.168.30.0 255.255.255.0 10.0.12.2 200
```

R2 na R3 zina njia za aina hiyohiyo kuelekea LAN za wenzao, ila hazina njia ya default (0.0.0.0/0, ya kila anwani isiyotajwa kwingine). Matawi yanatakiwa kuanza kutumia intaneti ya R1.

Tatizo la kwanza: faiba ikikatika upande wa R2, R1 inaendelea kutuma pakiti 10.0.12.2 na njia ya 200 haishiki. Nikichomoa waya kwenye Gi0/1 ya R1 yenyewe, poti inaonyesha down/down, lakini jedwali bado linasema `S 192.168.20.0/24 [1/0] via 10.0.12.2`, na traceroute inaelekea 203.0.113.1. Hili la pili ndilo silielewi kabisa.

Tatizo la pili: nimewasha OSPF (itifaki ambayo ruta hujulishana njia zenyewe) juu ya hizo njia tuli, R1 inaonyesha hivi:

```
Neighbor ID   Pri  State         Dead Time  Address    Interface
2.2.2.2         0  FULL/  -      00:00:36   10.0.12.2  GigabitEthernet0/1
3.3.3.3         1  EXSTART/BDR   00:00:33   10.0.13.2  GigabitEthernet0/2
```

R3 imekwama EXSTART, hatua ya kuanza kubadilishana taarifa. R2 iko FULL, yaani ujirani umekamilika, lakini hata nikifuta kwa muda njia tuli zote mbili za 192.168.20.0, OSPF hailetei kitu. Linki ya R2–R3 bado sijaiingiza kwenye OSPF. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) nimeangalia kwa `show interfaces`, pande zote mbili za R1–R3 ni 1500.

Nirekebishe njia tuli nibaki nazo, au nihamie OSPF moja kwa moja?

---

jedwali_kwanza

Mkuu, hapo kwenye tatizo la kwanza una mambo mawili tofauti yenye dalili moja. Tuyatenganishe.

Faiba ikikatika mbali, poti ya R1 haijui lolote. Kibadilishi kilicho karibu yake bado kina umeme na bado kinaongea na ruta kwa waya wa shaba, kwa hiyo poti iko up/up. Njia tuli hukaa kwenye jedwali maadamu anwani ya mbele inafikika kwa mujibu wa jedwali lenyewe. Ruta haiendi kuhakikisha kama upande wa pili kuna mtu. 10.0.12.0/30 ni connected (imeunganishwa moja kwa moja na poti), poti iko juu, basi njia inabaki. Vibadilishi vingine vina swichi ndogo ya kupitisha hitilafu: faiba ikifa, navyo vinaangusha upande wa shaba. Kama vyako vinayo, iwashe pande zote mbili leo hii. Usitegemee hiyo peke yake lakini, maana haioni ruta ya upande wa pili iliyoganda huku poti yake ikiwaka.

Ukichomoa waya kwenye R1 yenyewe, mambo ni mengine. 10.0.12.0/30 inatoka kwenye jedwali. Ulivyoandika njia ni "nenda 192.168.20.0 kupitia 10.0.12.2", bila kutaja poti. Ruta inauliza: 10.0.12.2 naifikaje? Inatafuta, inakuta 0.0.0.0/0 kupitia 203.0.113.1, inaridhika. Njia yako ya kwanza inahesabika kuwa nzima, kwa umbali 1, na ile ya 200 haina nafasi. Trafiki ya tawi sasa inaelekezwa kwa mtoa huduma wa intaneti, ambaye anaitupa. Piga `show ip cef 10.0.12.2` waya ukiwa umechomolewa, utaona inaelekea 203.0.113.1.

Dawa yake ni kutaja poti na anwani kwa pamoja:

```
ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 GigabitEthernet0/1 10.0.12.2
ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 GigabitEthernet0/2 10.0.13.2 200
```

Fanya hivyo kwa zote, pamoja na default yenyewe. Kisha futa zile za zamani kwa `no ip route`, na uhakikishe kwa `show run | include ip route` kwamba hazikubaki mbilimbili. Usitaje poti peke yake bila anwani kwenye Ethernet. Ruta itaanza kuuliza kwa ARP (kutafuta nani kwenye waya ana anwani fulani) kila anwani ya mwisho kana kwamba iko kwenye waya huohuo. Itafanya kazi kama ruta ya pili inajibu kwa niaba, na jedwali la ARP litavimba bure.

Hiyo inatibu waya uliochomolewa R1. Kwa faiba inayokatika mbali unahitaji kipimo (`ip sla`) na `track` inayoondoa njia kipimo kikifeli:

```
ip sla 1
 icmp-echo 10.0.12.2 source-interface GigabitEthernet0/1
 threshold 500
 timeout 1000
 frequency 5
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
 delay down 10 up 30
ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 GigabitEthernet0/1 10.0.12.2 track 1
```

Andika threshold kabla ya timeout, na timeout kabla ya frequency. Ping inapigwa kila sekunde 5. Ikifa, ruta inangoja sekunde 10 zaidi kabla ya kuondoa njia, kwa hiyo hesabu kukatika kwa hadi sekunde 16. Ile `up 30` ni ya faiba inayochezacheza: usirudi kwenye linki kabla haijatulia nusu dakika. Kipimo kikishaanza kukimbia IOS haikuruhusu kukihariri. Ni `no ip sla 1` na kuandika upya pamoja na schedule.

Mitego miwili hapa. Wa kwanza, usipime anwani iliyo nyuma ya njia unayoilinda, mfano 192.168.20.1. Linki ikifa, track inaanguka, njia ya akiba inashika, ping inapita kwa njia ya akiba, track inapanda, njia kuu inarudi, ping inakufa tena. Itapanda na kushuka siku nzima. Pima 10.0.12.2 na taja poti. Wa pili, na ndio unaoumiza wengi: R2 nayo iwe na track yake kuelekea 10.0.12.1. R1 ikihama peke yake, pakiti zitafika R2 kwa kupitia R3, na majibu ya R2 yatatupwa kwenye faiba iliyokatika. Utaona ping haijibu na utalaumu R1 ambayo haina kosa.

---

mtaa_wa_OSPF

Nakuja kwenye OSPF. Hapo napo ni makosa mawili tofauti, na yote yanaonekana kwenye ile mistari miwili uliyobandika.

R2 kwanza. Angalia kistari baada ya FULL, na Pri 0. Maana yake R1 Gi0/1 imewekwa point-to-point. Nenda R2 upige `show ip ospf interface Gi0/1`. Nina hakika utakuta Network Type BROADCAST. Saa za hello (salamu) na dead (muda wa kumhesabu jirani amekufa) ni zilezile kwa aina zote mbili, 10 na 40, kwa hiyo majirani wanakubaliana, wanabadilishana database, wanafika FULL, na kila mtu anadhani kazi imeisha. Lakini R1 inatangaza linki hiyo kama ya ruta mbili tu, R2 inaitangaza kama mtandao wenye DR (ruta kiongozi), na OSPF inapochora ramani vipande havishikani. Piga `show ip ospf database router 2.2.2.2` kwenye R1, utaona `Adv Router is not-reachable`. LSA (tangazo la R2) ipo, njia haipo. Rekebisha R2:

```
interface GigabitEthernet0/1
 ip ospf network point-to-point
```

Fanya hivyo kwenye linki zote tatu, pande zote mbili. Linki ya /30 haina sababu ya kuchagua DR.

R3 sasa. EXSTART inayoganda karibu kila mara ni MTU, na umeangalia mahali pasipo. `show interfaces` inaonyesha MTU ya poti. OSPF inaandika kwenye pakiti zake za DBD (muhtasari wa database) MTU ya IP, na hiyo inaweza kuwa ndogo zaidi kama kuna mtu aliandika `ip mtu`. Tumia:

```
show ip interface GigabitEthernet0/2 | include MTU
```

Pande zote. Upande wenye MTU ndogo unakataa DBD ya mwenye MTU kubwa, mkubwa anarudia kutuma, na mwisho logi inasema `Neighbor Down: Too many retransmissions`. Ukiwasha `debug ip ospf adj` upande mdogo utasomewa wazi: `Nbr ... has larger interface MTU`.

---

kebo_fupi

Kwa R3 weka `ip ospf mtu-ignore` kwenye Gi0/2 pande zote, itapanda FULL papo hapo. Nyingine zote sawa na walivyosema.

---

mtaa_wa_OSPF

@kebo_fupi itapanda, ndiyo, lakini siungi mkono ndugu yangu, hasa kwenye linki ya kukodi. Hiyo amri inazima ulinganisho tu, haiongezi upana wa njia. Kama katikati pakiti ya 1500 haipiti, na leo database ni ndogo, DBD na LSU (pakiti zinazobeba matangazo yenyewe) zote ni fupi na zinapita. Siku mitandao ikiongezeka, R1 itatuma LSU ndefu, itapotea, itarudiwa, itapotea tena, na jirani atakwama LOADING wakati hakuna anayekumbuka ile amri. Tena data za watumiaji zitakuwa na tatizo hilohilo: ping ndogo zinapita, kurasa kubwa zinaning'inia.

Mwenye mada, ondoa kwanza `ip mtu` kama ipo upande wowote, kisha toka R1 upige:

```
ping 10.0.13.2 size 1500 df-bit
```

Kwenye IOS hiyo 1500 ni pakiti nzima pamoja na kichwa cha IP, na df-bit inazuia pakiti isikatwe vipande. Ikipita, acha 1500 pande zote. Isipopita, shuka hadi upate namba inayopita, uiandike `ip mtu` ileile pande zote mbili. OSPF itapanda bila kufumbwa macho.

---

linki_tatu

Asanteni sana wakuu. Majibu:

R2 kweli ilikuwa BROADCAST. Nimeweka point-to-point, 192.168.20.0 imeingia kama `O` mara tu nilipoondoa njia tuli kwa majaribio, kisha nimezirudisha.

R3 ilikuwa na `ip mtu 1400` kwenye Gi0/2. Nimeiondoa. Ping ya 1500 yenye df-bit haipiti. 1476 inapita, 1477 haipiti.

Waya ukichomolewa R1, njia ya akiba sasa inashika baada ya kutaja poti. Nimeamua kuhamia OSPF kabisa. Naomba mpangilio salama wa kuhama, maana R2 na R3 naziingia kwa mbali. Na intaneti ya matawi nitaipitishaje?

---

mtaa_wa_OSPF

1500 toa 1476 ni 24, na hiyo ni saizi ya kichwa cha GRE pamoja na kichwa cha nje cha IP. Inaelekea mwenye linki anakupitisha kwenye handaki la GRE. Weka pande zote mbili za R1–R3:

```
interface GigabitEthernet0/2
 ip mtu 1476
 ip tcp adjust-mss 1436
```

1436 ni 1476 toa 40 za vichwa vya IP na TCP. Hiyo ya pili inawaokoa watumiaji ambao ujumbe wa "pakiti ni kubwa mno" hauwafikii kwa sababu kuna ukuta wa moto unaozuia ICMP.

---

jedwali_kwanza

Uamuzi mzuri. Kwa pembetatu ya ruta tatu, njia tuli zenye akiba ni 12: kila ruta LAN mbili za mbali, kila LAN njia mbili. Zinahimilika. Ruta zikifika 10 kwa mtindo huohuo ni 180, na kila moja inataka track upande wake. Hapo mkono unakosea tu.

Kuhama kwa mbali, huu ndio mpangilio ninaouamini. Kabla ya kugusa R2 au R3 hifadhi usanidi unaofanya kazi kwa `write`, halafu `reload in 15`. Ukijifungia nje, ruta itajiwasha upya na kurudi kwenye usanidi uliohifadhi. Ukimaliza salama, `reload cancel` kisha `write`. Usipige `write` katikati, utaharibu kinga yako.

Andika OSPF kwenye ruta zote huku njia tuli zikiwa bado zipo. R1 iwe hivi:

```
router ospf 1
 router-id 1.1.1.1
 auto-cost reference-bandwidth 10000
 passive-interface default
 no passive-interface GigabitEthernet0/1
 no passive-interface GigabitEthernet0/2
 network 10.0.12.1 0.0.0.0 area 0
 network 10.0.13.1 0.0.0.0 area 0
 network 192.168.10.1 0.0.0.0 area 0
```

Maski ya 0.0.0.0 inashika poti yenye anwani hiyo tu, hakuna kubahatisha. `passive-interface default` inazuia hello zisiende kwenye LAN ya watumiaji, ilhali mtandao wa LAN unaendelea kutangazwa. Ukibadilisha router-id baada ya OSPF kuanza, haitashika hadi `clear ip ospf process`. Router-id zisifanane hata kwa bahati mbaya. Ukinakili usanidi wa R2 kwenda R3, huo ndio mstari wa kwanza wa kubadilisha.

`auto-cost` iandike ileile kwenye ruta zote tatu. Bila hiyo kipimo cha msingi ni 100 Mbps, na poti ya 100, ya 1000 na ya 10000 zote zinapata gharama 1. Ukiweka 10000, gigabiti inakuwa 10 na ya mia inakuwa 100. Lakini OSPF inasoma kasi ya poti, haijui kasi ya redio iliyo mbele yake. Redio ya R2–R3 imechomekwa kwenye poti ya gigabiti, itahesabiwa 10 kama faiba. Iandikie mwenyewe pande zote, `ip ospf cost 200` kwa redio ya megabiti 50. Linki ya kukodi nayo vivyo hivyo, kulingana na kasi unayoilipia.

Njia tuli zikiwepo hutaona `O` kwenye jedwali, kwa sababu umbali wa tuli ni 1 na wa OSPF ni 110. Si hitilafu. Angalia `show ip ospf rib`, humo OSPF inaonyesha ilichokikokotoa hata kama hakikuingia kwenye jedwali kuu. LAN zote tatu na linki zote tatu zikionekana humo kwenye kila ruta, anza kufuta njia tuli moja moja, na baada ya kila moja piga `show ip route 192.168.x.0`. Futa upande mmoja, futa wa pili, ndipo uende LAN nyingine. Utakayomaliza nayo iwe njia inayobeba kikao chako mwenyewe.

Linganisho la umbali ni kwa njia zenye maski sawa tu. Ukisahau mahali njia tuli ya /25 ndani ya 192.168.20.0, itashinda /24 ya OSPF bila kuulizwa umbali wala gharama, kwa sababu maski ndefu huangaliwa kwanza.

---

lango_la_nje

Intaneti ya matawi: kwenye R1 chini ya `router ospf 1` ongeza

```
 default-information originate
```

R2 na R3 zitapata `O*E2 0.0.0.0/0 [110/1]`. Usiongeze neno `always`. Bila hilo neno, R1 inatangaza default pale tu yenyewe ina default kwenye jedwali. Ukiweka `always`, itaendelea kuwaita matawi hata kama mlango wa nje umefungwa. Ni kweli default ya R1 nayo ni tuli, kwa hiyo ifungie track yake. Pima anwani iliyo nje ya mtoa huduma, na uiandikie njia ya /32 kupitia Gi0/3 ili kipimo kisitoke mlango mwingine.

Faida ya mpango huo utaiona siku R3 ikipata intaneti yake. Unaiandikia default tuli yenye umbali 200 na `default-information originate` ileile. Default ya R1 ikiwepo, R3 inaifuata kwa 110 na kukaa kimya. Ikitoweka, ya 200 inaingia na R3 inaanza kuitangaza yenyewe.

Kisha NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje). Hapa ndipo watu husema "default imefika tawini lakini intaneti haipo". Angalia ACL (orodha ya anwani zinazoruhusiwa) ya NAT kwenye R1, karibu kila mara ina LAN ya R1 peke yake:

```
access-list 10 permit 192.168.10.0 0.0.0.255
access-list 10 permit 192.168.20.0 0.0.0.255
access-list 10 permit 192.168.30.0 0.0.0.255
```

Na `ip nat inside` iwe pia kwenye Gi0/1 na Gi0/2, si Gi0/0 tu. Mtumiaji wa tawi akijaribu, `show ip nat translations | include 192.168.20` isipotoa mstari, kosa liko kwenye moja ya hayo mawili. Ikitoa, usipoteze muda kwenye NAT tena.

---

kebo_fupi

Nimekubali kuhusu mtu-ignore, maelezo ya LSU ndefu yamenitosha. Niongeze la faiba: ukihamia OSPF, tatizo la kibadilishi halijaisha, limepungua. Poti ikiendelea kuwaka, R1 itangoja dead time, sekunde 40. Watu wengi wanashusha hello hadi 1 na dead hadi 4. Inafanya kazi, ila ukikosea upande mmoja majirani wanaachana, maana saa hizo lazima zilingane. Kama IOS yako ina BFD (pakiti fupi za haraka za kukagua kama jirani yupo) ni bora zaidi:

```
interface GigabitEthernet0/1
 bfd interval 300 min_rx 300 multiplier 3
router ospf 1
 bfd all-interfaces
```

Pande zote mbili. Pakiti tatu za milisekunde 300 zikikosekana, OSPF inaarifiwa ndani ya sekunde moja hivi. Kwenye redio usiende chini hivyo, mvua au kelele ya masafa itakuangushia jirani bure. Huko anza na 1000 mara 5.

---

linki_tatu

OSPF imepanda ruta zote tatu, njia tuli zimeondoka, intaneti ya matawi inafanya kazi (ACL ya NAT ilikuwa hasa hivyo). Nikichomoa faiba upande wa R2, ping inapoteza pakiti moja tu.

La mwisho. Tawi la R2 limepewa 192.168.20.0/22. Kwa sasa inatumika /24 ya kwanza tu, zingine zitakuja. Kuna ruta ya zamani, R4, nyuma ya R1, haina OSPF, ina njia tuli tu. Kwenye R1 nimeandika 192.168.20.0/22 kwenda 10.0.12.2 ili nisirudi tena baadaye, na R4 nayo inatuma /22 nzima kwa R1. Linki ya R1–R2 imeanza kuonyesha trafiki nyingi kuliko watumiaji walivyo. Inahusiana?

---

jedwali_kwanza

Inahusiana moja kwa moja. Chukua pakiti inayokwenda 192.168.22.5, anwani ambayo bado haipo. R1 inaona /22, inaituma R2. R2 haina 192.168.22.0, ila ina default iliyoipata kwa R1, basi inairudisha. R1 inaituma tena. Pakiti iliyoanza na TTL (idadi ya ruta inazoruhusiwa kupita) 64 itavuka faiba zaidi ya mara 60 kabla ya kufa. Kompyuta moja inayochungulia anwani za mtandao mzima inatosha kujaza linki. Piga `traceroute 192.168.22.5` kutoka R1, utaona anwani mbili zikipokezana hadi mwisho.

Mwenye /22 ni R2, kwa hiyo yeye ndiye atupe kisichokuwepo:

```
ip route 192.168.20.0 255.255.252.0 Null0
```

192.168.20.0/24 ikiwa connected inashinda kwa sababu maski yake ni ndefu, na kila kingine ndani ya /22 kinaishia hapo badala ya kurudi. /24 mpya ukiiwasha, inafanya kazi bila kugusa mstari huo.

Na ile /22 ya R1 kwenda 10.0.12.2 ifute. Faiba ikikatika huku poti ikiwaka, umerudi kwenye tatizo ulilokuja nalo. Acha R2 iitangaze yenyewe kwa OSPF: `redistribute static subnets` pamoja na route-map (kichujio) inayoruhusu /22 hiyo peke yake. Neno `subnets` lisisahaulike, maana bila hilo IOS ya 15 inaweza kuchukua mitandao ya madaraja ya zamani tu. R4 iache na njia tuli yake kwenda R1. Ina mlango mmoja tu, OSPF haitaiongezea kitu.

---

linki_tatu

Nimeweka Null0 R2, nimefuta /22 ya R1, na `show ip route 192.168.22.5` kwenye R1 sasa inasema `O E2 192.168.20.0/22 [110/20] via 10.0.12.2`. Traceroute inaishia R2 kwa `!H`. Grafu ya linki imeshuka.